Gundi Haijakauka

Fundi akikwambia njoo kesho, usimuulize kesho ya lini. Cherehani imeharibika, umeme umekatika, mkwewe amelazwa, uzi wa rangi yako umeisha mji mzima. Mafundi wana sababu nyingi kuliko vifaa. Mama Gundi hakuwa wa hivyo. Kwa miaka kumi na saba katika duka lake la kujalidi vitabu, akisema Alhamisi saa nne, basi Alhamisi saa nne kitabu chako kiko mezani kimefungwa gazetini. Ndiyo maana alipoanza kusema uongo aliaminika upesi, na hilo ndilo lililomuuma zaidi baadaye.

Duka lilikuwa chumba kimoja kirefu chenye meza mbili. Ya mlangoni ilikuwa ya kaka yake mkubwa, ambaye watu wote walimwita Kisu kwa sababu ndiye aliyeshika mashine ya kukatia karatasi, na ulimi wake nao ulikuwa na makali ya kutosha. Ya ndani, penye dirisha, ilikuwa ya Mama Gundi: sindano, uzi uliopakwa nta, kibanio cha mbao, na kisufuria cha gundi kilichokaa juu ya jiko dogo la umeme kutwa nzima. Harufu ya gundi hiyo ilimfuata mpaka nyumbani, ikampa jina.

Kinyozi hajinyoi. Vitabu vilivyopita mikononi mwake vingejaza nyumba, na yeye hakuwa amesoma hata kimoja mpaka mwisho tangu alipojifungua mtoto wa kwanza. Mtoto huyo sasa alikuwa na miaka kumi na minne na alivaa viatu vya baba yake. Zamani, Mama Gundi alikuwa msichana wa kusoma huku anatembea. Aliwahi kutumbukia mtaroni na kitabu mkononi, akatoka amekiinua juu kikavu na yeye ameloa. Sasa alivijua vitabu kama mtu anavyowajua majirani kwa migongo yao tu. Alivishona, akavipaka, akavivisha jalada, akavikabidhi, na kilichokuwa ndani kikaenda zake na mwenyewe.

Muda ungetoka wapi? Saa kumi na moja alfajiri yuko jikoni. Saa moja amewatoa watoto watatu mlangoni, mmoja hana soksi, mwingine analia kuhusu daftari. Mumewe, fundi umeme, huondoka akiuliza funguo zake ziko wapi na kurudi akiuliza chakula kiko wapi. Jioni kuna masomo ya watoto ya kukagua, ndoo za kujaza kabla maji hayajakatwa, simu ya mama mkwe ambayo haina breki. Hata chooni aliitwa. Na sasa, juu ya hayo yote, ulikuwa msimu wa tasnifu: wanafunzi wa chuo arobaini na wawili wakitaka majalada meusi yenye maandishi ya dhahabu, wote kwa Ijumaa ileile, wote wakisema yangu ndiyo ya haraka.

Katikati ya msimu huo, Jumatatu moja, akaingia Bibi Mkunga.

Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, aliyestaafu ukunga mwezi uliotangulia. Nusu ya watu wa mtaa ule walipita mikononi mwake walipozaliwa, na alikuwa na tabia ya kukutazama kana kwamba anakumbuka ulikuwa na uzito gani. Akaweka mezani kitabu kisicho na jalada, uti wake umekatika, kurasa zimezungushiwa bendeji ya hospitali na kufungwa fundo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hiki nataka kikae sawa. Nikikishika kisimwagike mapajani."

"Ni kitabu cha nini?"

"Hadithi tu. Lini?"

"Alhamisi saa nne."

"Haya. Alhamisi." Mama Gundi hakuwa na nafasi ya kumwuliza zaidi.

Kazi ya kitabu kama kile huanza kwa kukivunja. Unatoa uzi wa zamani, unakwangua gundi iliyokufa, unabaki na mikunjo: kila mkunjo ni karatasi moja kubwa iliyokunjwa ikawa kurasa kumi na sita. Hiki kilikuwa na mikunjo kumi na minne. Kisha unakagua kama imepangana, na kukagua ni kutupia jicho mstari wa kwanza wa kila mkunjo. Hapo ndipo jicho lilipokwama.

Katika hadithi hiyo, mgeni alikuwa amebisha hodi kwenye nyumba ya dada wawili. Wote wawili wakamfungulia, wote wawili wakamtambua palepale. Mkubwa alimkumbatia akilia kwamba huyu ni kaka yao aliyepotea utotoni. Mdogo alirudi nyuma hatua mbili, kwa sababu alimjua kuwa ni mwanamume aliyemchumbia kwa siri miaka saba nyuma na kutoweka wiki moja kabla ya posa. Na mgeni mwenyewe, kila alipoulizwa, alisema tu kwamba amechoka na safari, naomba maji.

Gundi ilihitaji dakika ishirini kulainika. Siku nyingine zote Mama Gundi angezitumia dakika hizo kukata vitambaa vya majalada, kujibu simu, kupanga uzi. Siku hiyo alikaa juu ya kigoda akasoma. Gundi ililainika, ikachemka, ikaanza kunuka, naye bado amekaa.

"Dada, kitu kinaungua," alisema Kisu bila kugeuka.

"Nakagua mikunjo."

"Kagua na sufuria."

Jumanne akasoma mkunjo mwingine. Jumatano akautia mmoja kwenye mfuko wa aproni, akausoma amesimama bafuni huku ndoo inajaa, mpaka ikafurika na mtoto wa pili akaja kumwuliza kwa nini maji yanatoka chini ya mlango. Alikuwa na aibu ya mwizi na furaha ya mwizi pia. Mwilini mwake kulikuwa na kitu alichokisahau kwa miaka kumi na minne, ile hali ya kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja, na hakikumtuliza hata kidogo. Kilimfanya ashindwe kukaa. Alikuwa akishona tasnifu za watu anawaza, akimnyonyoa mama mkwe maneno ya kwaheri kwenye simu anawaza: kama si kaka, alijuaje kovu la mkono wa kushoto?

Alhamisi saa nne Bibi Mkunga akafika. Mama Gundi alikuwa amesoma mikunjo minne, na hakuwa ameshona hata mmoja.

"Gundi haijakauka, bibi," alijisikia akisema. "Hali ya hewa."

Nje jua lilikuwa linapasua mawe. Kisu akageuka, akamtazama dada yake, akarudi kwenye mashine yake.

"Lini basi?"

"Njoo kesho kutwa."

Bibi Mkunga alikaa kidogo kwenye benchi, mikono juu ya pochi, akitazama ule uzi na ile mikunjo. "Haya," akasema, akaondoka.

Jumamosi alisema gundi ya kwanza haikushika, imebidi aikwangue upya. Siku hiyo bibi hakuinuka upesi. "Kama kazi zimekuzidi, mwanangu, nipe tu kurasa zangu hivyohivyo. Nitazifunga na bendeji yangu."

Huo ulikuwa mlango wazi kabisa, na mtu mwema angepita. Mama Gundi alikuwa kwenye mkunjo wa saba. Dada mdogo ndiyo kwanza amekuta barua kwenye koti la mgeni. "Hapana, bibi, zitapotea," alisema. "Jumanne, bila kukosa." Na Jumanne akasema Ijumaa.

"Hicho kitabu unakijalidi au unakizaa?" Kisu alimwuliza walipobaki wawili.

"Hayakuhusu."

Ni huo mkunjo wa saba ndio uliokuwa na mtego wenyewe. Alipoufikia alikuta kurasa bado zimeshikana ukingoni. Vitabu vya zamani vilikuwa hivyo. Kiwanda kisipokata kingo, mnunuzi alichana mwenyewe nyumbani. Mkono wa mjalidi ukikutana na ukurasa ulioshikana haungoji akili. Alichukua kisu chake butu cha mfupa, akakipitisha, kurasa zikaachana, akaendelea. Akafanya hivyo kwa mkunjo wa nane, na wa tisa, na kila uliofuata. Mtu mwingine yeyote, hata mwuza mchicha, angejiuliza swali dogo sana: kama kurasa hizi hazijawahi kufunguliwa, mwenyewe amezisomaje? Mama Gundi alikuwa amefungua kingo za namna hiyo tangu ujana wake, na swali hilo halikumpitia.

Kufikia Alhamisi ya wiki ya pili alikuwa amesoma mikunjo kumi na mitatu na kushona kumi na miwili. Alama yake, kipande chembamba cha karatasi ya dhahabu ya kuandikia majalada, ilikuwa kwenye ukurasa wa mia mbili na nane. Ulibaki mkunjo mmoja, kurasa kumi na sita za mwisho, bado zimeshikana. Alijiwekea Ijumaa asubuhi: atakuja mapema, atausoma, ataushona, atapaka gundi, atamkabidhi bibi kitabu chake saa kumi, na atakuwa mtu mwaminifu tena kwa maisha yake yote yaliyobaki.

Ijumaa asubuhi alimkuta mlangoni mwanafunzi mwenye ndevu, tasnifu yake mkononi. Ilikuwa kuhusu mitaro ya maji machafu, kurasa mia tatu, jalada jeusi, dhahabu inang'aa. Mwanafunzi akaifungua. Maandishi yote yalikuwa kichwa chini.

"Dada," alisema kwa upole mkubwa, "mwalimu wangu ataisoma amesimama kwa kichwa?"

Miaka kumi na saba hakuwahi kufanya kosa hilo. Alikumbuka alikuwa wapi alipoivisha jalada. Alikuwa jikoni kwa dada wawili, mgeni anamenya viazi kwa mkono wa kushoto. Ikabidi kubandua, kukwangua, kukata jalada jipya, kuchapa dhahabu upya, na wanafunzi wengine wakawa wanazikagua zao kwa wasiwasi papo hapo mezani. Asubuhi yote ikaliwa. Mkunjo wa mwisho ulikuwa pembeni ya kibanio, nao hakuugusa.

Siku za mwizi ni arobaini. Zake zilikuwa kumi na mbili, maana Bibi Mkunga hakungoja saa kumi. Alikuja saa nane, akapita meza ya Kisu bila kusimama, akafika mpaka dirishani.

"Leo siondoki bila kitabu," alisema, na akanyoosha mkono kukichukua kile kilichokuwa kwenye kibanio.

Mama Gundi hakuwahi kumzuia. Vidole vile virefu vilipita kwenye kingo za kurasa, vikasimama, vikarudi nyuma, vikapita tena. Kisha vikavuta kipande cha dhahabu.

"Nani amefungua kurasa hizi?"

"Mimi, bibi. Ndiyo kazi yetu."

"Na hii dhahabu?"

Mama Gundi akaanza kupanga uzi uliokwisha kupangwa.

"Mficha uchi hazai, mwanangu. Umefika wapi?"

"Mia mbili na nane."

Bibi Mkunga akakaa. Alikishika kitabu mapajani. "Mimi nimefika tisini na sita," alisema. "Nilikinunua nikiwa na miaka thelathini na miwili. Nimefika tisini na sita kwa miaka thelathini na mmoja. Kila nilipofungua ukurasa, mtu alishikwa na uchungu."

Mashine ya Kisu ilikuwa imenyamaza.

"Kesho nahamia kwa binti yangu," aliendelea, wala hakuinua sauti. "Ana watatu, anamngoja wa nne, mumewe yuko safarini kila siku. Nikishaingia nyumba ile, si wangu tena. Nililijua hilo. Kwa hiyo nilipostaafu nikapanga: nafunga mizigo mapema, nabaki na kiti na taa, siku kumi na mbili nasoma tu. Nikasema kwanza kikae sawa, kisimwagike. Siku tatu kwa fundi, nikahesabu, zinabaki tisa." Akamtazama Mama Gundi, na safari hii hakuwa anakumbuka uzito wa mtu. "Nimezalisha miaka thelathini na minane. Mvua, mgomo, kiza cha umeme kukatika. Sijawahi kumwambia mtoto hata mmoja njoo kesho."

Mama Gundi alitaka kusema nisamehe, akasema, lakini lilitoka dogo mno na likaanguka kati yao. Angependa atukanwe. Alichukua sindano. Aliushona mkunjo wa kumi na tatu, kisha akauchukua wa mwisho, ukiwa bado umeshikana, akaushona vilevile bila kuufungua, mbele ya mwenyewe. Akapaka gundi, akabandika kitambaa, akavisha jalada la kijani. Ilichukua saa moja na robo. Bibi Mkunga alitazama saa ya ukutani mwanzo, akaitazama mwisho, na kila mtu chumbani akajua amehesabu.

"Sasa bibi," Mama Gundi alisema kwa sauti ya chini, "huu si uongo. Gundi haijakauka. Kinataka kitu kizito juu yake mpaka kesho."

"Nitakikalia," alisema Bibi Mkunga, akakitia kwenye pochi, akaenda zake.

Wiki zilizofuata Mama Gundi hakupata raha. Tasnifu ziliisha, kelele za duka zikapungua, gundi ikawa inalainika kwa dakika zake ishirini na yeye amesimama tu, hana pa kuweka mikono. Ukweli wote usemwe: hakuweza kutofautisha kilichokuwa kikimtafuna. Alijua amemwibia mwanamke mwenzake siku pekee alizowahi kuwa nazo, na hilo lilimwamsha kabla ya jogoo. Lakini pia alitaka kujua mgeni ni nani. Alijiona hayawani. Alipita maduka mawili ya vitabu akiulizia. Wauzaji wakamwambia hicho hakichapwi tena, dada, labda uwaulize wazee.

"Nenda kamwone," Kisu alimwambia siku moja, akikusanya vipande vya karatasi chini ya mashine.

"Nitaenda lini? Unaijua nyumba yangu ilivyo."

"Naijua. Na kusoma kurasa mia mbili na nane ulipata wapi muda?"

 Jioni ile alitafuta kishina cha stakabadhi ya Bibi Mkunga, akapiga namba iliyoandikwa pale. Kabla ya salamu alisikia mtoto mchanga akilia karibu kabisa na simu. Nyuma ya kituo cha zimamoto, alisema bibi, geti la kijani, usigonge kwa nguvu.

Jumapili nguo za wiki nzima zilikuwa beseni mbili na nusu. Mama Gundi alivaa viatu.

"Na nguo?" aliuliza mumewe.

"Una mikono. Mwanao naye ana mikono, na miguu kama yako." Akatoka kabla hajarudi kuwa yeye wa siku zote.

Nyumba ya geti la kijani ilikuwa na sauti kila chumba. Binti alikuwa amelala; alijifungua kwa upasuaji na kidonda kilikuwa kinamsumbua. Watoto wawili walikuwa wanagombania kifuniko cha sufuria, wa tatu alikuwa chini ya meza kwa sababu zake. Bibi Mkunga alikuja mlangoni na mchanga begani, nywele hazijachanwa, amekonda zaidi. Juu ya kabati, penye nepi zilizokunjwa, Mama Gundi aliliona jalada lake la kijani. Pembe ya ukurasa mmoja ilikuwa imekunjwa.

"Umefika wapi, bibi?"

"Mia moja na nne."

Kurasa nane kwa wiki tano. Mama Gundi alinawa mikono mpaka viwikoni, akaifuta, akainyoosha. "Nipe mtoto. Nimekuja kurudisha siku zako. Sina zote kwa mpigo, nitazileta kwa Jumapili."

Bibi Mkunga hakumpa. "Umekuja kujua mwisho."

"Ndiyo," alisema Mama Gundi. "Nautaka mpaka unaniwasha. Lakini kwanza nipe mtoto. Na mwisho usiniambie mpaka ufike mwenyewe."

 Bibi akamtoa mtoto begani, akamlaza kwenye mkono wa fundi, akarekebisha kiwiko chake bila kuomba ruhusa. "Shingo," alisema. "Si kitabu hicho." Akavuta kiti mpaka dirishani.

Jumapili ile ya kwanza alisoma kurasa sita tu. Kila mtoto alipokohoa kichwa kiliinuka. Miaka thelathini na minane haitoki kwa kiti cha dirishani. Mwishowe Mama Gundi aliinuka na mtoto mkononi, akakigeuza kile kiti kielekee ukutani. Jumapili ya pili bibi alisoma ishirini na mbili. Ya tatu hakuinua kichwa mpaka chai ilipopoa.

Kwa Mama Gundi ilikuwa adhabu iliyopimwa na mtu anayemjua. Yeye asiyekaa alikaa, saa tatu nzima, mikono imejaa mtoto ambaye hulala begani tu na akiwekwa kitandani hupiga yowe. Aliona pindo la pazia limefumuka, vidole vikamwasha, hakuweza. Aliona vumbi, hakuweza. Wale watatu wakubwa aliwasimulia habari za mashine inayokata kurasa mia tano kwa pigo moja, wakanyamaza kwa hofu na heshima. Na muda wote masikio yake yalikuwa dirishani. Alikuwa amesoma yote hayo. Kwa mlio wa kurasa tu alijua bibi amefika wapi. Hapo ni barua ndani ya koti. Hapo ni viazi. Bibi Mkunga alipocheka peke yake kwenye ukurasa wa mia na themanini na moja, Mama Gundi alicheka naye, na wakatazamana kwa mara ya kwanza bila hesabu kati yao. 

Nyumbani kwake nguo zilifuliwa vibaya na kuanikwa vibaya zaidi, na hakuna aliyekufa.

Jumapili ya tano, saa kumi kasoro, mlio wa kurasa ulikoma.

"Hapa zimeshikana," alisema Bibi Mkunga.

Kisu cha mfupa kilikuwa kwenye mkoba wa Mama Gundi tangu Jumapili ya kwanza. Alikitoa kwa mkono mmoja. Mkono huo ulitaka kwenda wenyewe mpaka kwenye ukingo, ulijua njia; akaulazimisha kugeuza mpini, akampa bibi. Bibi Mkunga, aliyekata vitovu maelfu, hakujua kukata karatasi. Aliingiza kisu kwa pembe mbaya, akavuta kwa haraka, kipande cha ukingo kikachanika. Mama Gundi aliuma midomo, akamtikisa mtoto ambaye wala hakuwa analia.

Kurasa kumi na sita. Kiti kilikuwa kimegeuzwa kidogo siku hiyo, akauona uso wa bibi kwa upande, na kwa kuwa hakuwa na kitabu aliusoma huo uso. Ukurasa wa kwanza haukuwa na kitu. Wa tatu, nyusi zilipanda. Wa sita bibi alirudi nyuma ukurasa mmoja, akahakikisha jambo, akatikisa kichwa polepole. Je, ni kaka, au ni yule mchumba? Wa kumi aliweka kiganja mdomoni. Mguu wa Mama Gundi uliokuwa ukidunda sakafuni tangu saa saba ukatulia. Wa kumi na nne bibi alivua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, akaivaa. Wa kumi na sita aliusoma mara mbili.

Akafunga kitabu. Alikaa nacho mapajani, akitazama ukuta, na hakikumwagika.

"Bibi," alinong'ona Mama Gundi, kwa sababu mtoto alikuwa amelala kweli sasa, mzito, mdomo wazi shingoni pake. "Yule mgeni. Ni nani?"

Bibi Mkunga aligeuka. Alimtazama mtoto alivyolala, akautazama mkono uliomshika, kiwiko mahali pake, shingo mahali pake. Akaitazama saa. Kisha akainuka kidogo, akakiweka kitabu juu ya kiti, akakikalia.

"Gundi haijakauka," alisema. "Njoo kesho."